Jahazi la Wageni Saba

Mwaka 1885 Benki ya Japani, iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu, ilitoa noti zake za kwanza. Mchoro wake ulikuwa kazi ya Mtaliano, Edoardo Chiossone, fundi wa nakshi aliyeajiriwa na serikali ya huko miaka kumi kabla. Alimchora mzee mnene mwenye tabasamu, kofia laini kichwani, nyundo ya mbao mkononi, mfuko begani, amekaa juu ya marobota ya mpunga. Mzee huyo ni Daikoku, mungu wa utajiri na wa jikoni. Ili karatasi iwe imara, watengenezaji waliichanganya na unga wa konnyaku, mmea wa jamii ya magimbi ambao Wajapani huula. Hawakuwa peke yao kuupenda. Panya na wadudu walizitafuna noti makabatini, na kwa kuwa katika imani ya wenyeji panya ndiye tarishi wa Daikoku, mtu wa utani angeweza kusema kwamba mwenye mali ametuma watu wake wakachukue chao.

Kwangu mimi, cha ajabu zaidi kuliko panya ni mzee mwenyewe. Taifa lililokuwa linajijenga upya kwa kasi, likitafuta sura ya kuweka kwenye fedha zake, lilimweka mungu aliyezaliwa India, akapitia China, na safari hii akachorwa na mkono wa Kizungu. Tena Daikoku hayuko peke yake. Ni mmoja wa kundi liitwalo Shichifukujin, miungu saba wa heri, ambao sanamu zao utazikuta dukani, kwenye mkahawa, kwenye kalenda na kadi za mwaka mpya. Wenzake ni Ebisu, Bishamon, Benzaiten, Hotei, Fukurokuju na Jurojin. Watatu asili yao ni India, watatu China. Anabaki Ebisu, anayehesabiwa kuwa mwenyeji pekee, na hata yeye, kama tutakavyoona, uenyeji wake una walakini.

Imekuwaje watu ambao mara nyingi wanasifiwa, au wanalaumiwa, kwa kujifungia visiwani mwao wakaikabidhi heri yao yote kwa wageni? Jibu la haraka ni kwamba dini ya Kibudha ilikuja na miungu yake kutoka bara, basi. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, maana Ubudha ulileta mamia ya miungu, na wengi wao hawajulikani nje ya mahekalu. Wapo waliochaguliwa, na waliowachagua hawakuwa makasisi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kiswahili kinatenganisha bahati, inayomwangukia mtu bila kujua, na heri, riziki na baraka, ambazo hutolewa na aliye juu. Kijapani nacho kina mgawanyo unaokaribiana na huo. Neno un ni bahati ya mzunguko, na herufi yake ina maana ya kubeba au kusafirisha. Neno fuku ni heri yenyewe: chakula, watoto, afya, wateja mlangoni. Miungu hawa saba ni wa fuku. Na tunapowaita miungu, msomaji Mwislamu au Mkristo asimfikirie Muumba. Motoori Norinaga, mwanachuoni wa karne ya 18, alieleza kwamba kami ni chochote kilicho nje ya kawaida na chenye kutia kicho, kiwe chema au kibaya. Mlima unaweza kuwa kami. Mtu aliyekufa pia, hata mgeni. Katika makala haya hekalu ni nyumba ya ibada ya Kibudha na madhabahu ni ile ya Kishinto, ingawa kwa muda mrefu wa historia ya Japani mpaka kati ya viwili hivyo haukuwa mkali hivyo.

Tuanze na Daikoku, kwa sababu safari yake ndiyo ndefu zaidi. India aliitwa Mahakala, Mweusi Mkuu, sura ya kutisha inayohusishwa na Shiva, na wakati unaomaliza kila kitu. Wabudha walimchukua wakamfanya mlinzi. Yijing, mtawa wa Kichina aliyesafiri India katika karne ya 7, aliandika kwamba alikuta katika monasteri za huko sanamu ya Mahakala imewekwa karibu na jiko, ameketi na mfuko wa dhahabu mkononi, amepakwa mafuta mara nyingi hata akawa mweusi. Watawa walimpa sehemu ya chakula. Kwa hiyo mungu wa mauti alikuwa tayari ameingia jikoni kabla hajaondoka kwao. Alipofika Japani, alipokelewa kwenye mlima Hiei karibu na Kyoto, makao ya madhehebu ya Tendai, na huko nako akapewa jiko. Nyumba ya jadi ya Kijapani ina nguzo kuu inayobeba paa, na nguzo hiyo inaitwa daikokubashira, nguzo ya Daikoku. Mpaka leo mtu anayeilisha familia huitwa hivyo hivyo.

Kilichomgeuza kabisa ni sauti tu. Jina lake kwa herufi za Kichina husomeka Daikoku, Mweusi Mkuu. Sasa, katika hadithi za kale za Japani kuna mungu mkubwa aitwaye Okuninushi, bwana wa nchi, wa madhabahu ya Izumo, na herufi mbili za mwanzo za jina lake, zenye maana ya nchi kubwa, nazo zinaweza kusomwa Daikoku. Hilo lilitosha. Wawili wakawa mmoja. Okuninushi alikuwa katika hadithi amebeba mfuko wa mizigo ya kaka zake. Daikoku akaupata mfuko. Okuninushi aliokolewa na panya alipozingirwa na moto porini, panya akimwonyesha shimo la kujificha. Daikoku akapata panya. Na tabasamu la mwenyeji likafuta meno ya mgeni. Ukitazama Mahakala wa Tibet, mwenye macho matatu na taji la mafuvu, kisha ukamtazama babu huyu wa kwenye noti, utaona kazi ya karne nyingi ya watu waliokuwa hawana haja ya mungu wa kutisha jikoni.

Ebisu ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiye mzito kuliko wote. Kwa kumtazama huwezi kudhani. Ni mvuvi mchangamfu, ana fimbo ya kuvulia mkononi na kwapani samaki mwekundu aitwaye tai (kwetu jina hilo ni la ndege). Jina la samaki huyo linasikika ndani ya neno medetai, lenye maana ya jambo la heri, kwa hiyo karamu haiharibiki akiwepo mezani. Lakini huyu mvuvi ni nani? Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, kinasimulia kwamba Izanagi na Izanami, mume na mke waliozaa visiwa vya Japani, mtoto wao wa kwanza alikuwa Hiruko, jina linalofasiriwa kwa kawaida kuwa mtoto ruba. Walimweka katika chombo cha matete wakamwachia maji yamchukue. Nihon Shoki, kitabu cha mwaka 720, kinasema hata alipofikisha miaka mitatu hakuweza kusimama. Vitabu hivyo viwili havielezi alifika wapi. Watu wa zama zilizofuata ndio waliomalizia: wakasema maji yalimtupa pwani ya Nishinomiya, magharibi ya Osaka, akalelewa huko, akarudi kuwa Ebisu.

Kuna wanaopinga. Kwenye madhabahu ya Miho, mkoa wa Shimane, Ebisu ni Kotoshironushi, mwana wa Okuninushi aliyependa kuvua samaki. Kanda, mjini Tokyo, Ebisu ni Sukunahikona, mungu mdogo mno aliyekuja akielea juu ya mawimbi. Mtafiti anaweza kupoteza miaka akitafuta yupi ni wa kweli. Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Wote watatu wanakutana kwenye ukingo wa maji, na hilo ndilo la kushika, kwa sababu neno ebisu lenyewe, kabla halijawa jina la mungu, lilikuwa neno la dharau kwa watu wa nje na wa mipakani. Ni karibu sana na jinsi watu wa pwani yetu walivyowahi kulitumia neno mshenzi. Wavuvi wa sehemu nyingi za Japani waliita ebisu chochote kilicholetwa na bahari kutoka kusikojulikana: nyangumi anayesukuma samaki kuelekea pwani, jiwe la ajabu lililonaswa wavuni, hata maiti. Mvuvi aliyekuta maiti ikielea hakuipita. Aliipandisha chomboni, akaipeleka nchi kavu ikazikwe, na akatarajia kwamba mwaka ule nyavu zake zingejaa.

Ebisu pia anasemwa kuwa kiziwi. Mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani miungu wote wa nchi huitwa mkutanoni Izumo, na kwingineko mwezi huo huitwa mwezi usio na miungu. Ebisu haendi, wito haukumfikia masikioni, na hivyo yeye hubaki kulinda miji. Kwenye madhabahu ya Imamiya Ebisu mjini Osaka, mwombaji akishasali mbele huzunguka nyuma ya jengo na kumkumbusha kwa kishindo, asije akawa hakusikia mara ya kwanza. Wafanyabiashara wa Osaka, watu wasiopenda kupoteza muda wala sarafu, hufanya hivyo kila Januari bila kuona kichekesho. Au wanakiona, na wanafanya hivyo hivyo.

Sikukuu yake kubwa ni Januari 9 hadi 11. Nishinomiya, kwenye madhabahu kuu ya Ebisu, jodari mzima aliyegandishwa huwekwa mbele ya jengo na watu humbandika sarafu mwilini. Ikishika bila kudondoka, fedha nayo itamshika mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 10, saa kumi na mbili kamili, lango jekundu linafunguliwa na umati unatimka mbio kama mita 230 hadi ukumbi mkuu. Watatu wa kwanza kufika ndio watu wa heri wa mwaka huo. Mwaka 2004 ilibainika kwamba wa kwanza alisaidiwa na wenzake waliowazuia wakimbiaji wengine njiani, na baada ya kelele za umma akairudisha heshima hiyo. Tangu hapo nafasi za mbele hupangwa kwa kura. Hata mbele ya mungu wa uaminifu katika biashara, kumbe inabidi pawe na utaratibu.

Sasa turudi kwenye swali. Kundi la saba halikuwapo zamani za Kojiki wala za mlima Hiei. Lilijitokeza Kyoto na miji jirani katika zama za Muromachi, yaani kati ya mwaka 1336 na 1573, na hasa karne ya 15. Nini kilitokea wakati huo? Fedha iliingia. Serikali ya Japani ilikuwa imeanza kufua sarafu mwaka 708, ikaacha katika karne ya 10. Toleo la mwisho ni la mwaka 958. Kwa zaidi ya karne sita zilizofuata watawala hawakutoa sarafu za shaba za kuenea nchi nzima hadi mwaka 1636. Katika pengo hilo watu walitumia sarafu za China. Zilikuja zimefungwa kwa nyuzi kupitia tundu la katikati, zikapakuliwa bandarini, na kuanzia mwaka 1404, watawala wa ukoo wa Ashikaga walipofungua biashara rasmi na utawala wa Ming, zilikuja kwa wingi zaidi. Tafakari maana yake. Utajiri wa mabwana wa zamani ulikuwa ardhi na mpunga, kitu kinachoonekana kinaota. Utajiri wa mfanyabiashara wa Kyoto au Sakai ulikuwa vipande vya shaba vyenye jina la mfalme wa nchi nyingine, vilivyoshuka melini. Fedha yenyewe ilikuwa ebisu.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba miungu wa fedha hiyo walikuwa wageni, tena wanasafiri kwa chombo. Mtu aliyetajirika kwa mpunga angemshukuru mungu wa shamba lake, na kweli Inari, mungu wa mpunga mwenye mbweha, ndiye mwenye madhabahu nyingi kuliko karibu kila mungu mwingine Japani. Aliyetajirika kwa bahari alihitaji sura nyingine. Wasanii wakampa. Waimbaji na wachezesha vikaragosi kutoka Nishinomiya walizunguka vijiji na miji wakimchezesha Ebisu nyumba kwa nyumba, na kutoka kwao ndipo inapofuatwa asili ya tamthilia ya vikaragosi ya kisiwa cha Awaji. Wachoraji nao walikuwa na mada waliyoipenda kutoka China, wahenga saba wa msitu wa mianzi, na kitabu kimoja cha Kibudha kilichosomwa sana kwa ajili ya kulinda nchi kilizungumzia misiba saba kuondoka na heri saba kuzaliwa. Namba ilikuwa tayari inasubiri watu wa kuijaza. Inasimuliwa pia kwamba Kyoto ya wakati huo wezi walivaa kama miungu wa heri, na wenye nyumba wakawafungulia milango kwa furaha wakidhani neema imewajia.

Baadaye kidogo watu wa dini walijaribu kuliweka kundi sawa. Inasemwa kwamba Tenkai, mtawa mshauri wa mtawala Tokugawa Ieyasu, alimweleza bwana wake sifa saba za mtawala na kila sifa akaipa mungu: uaminifu kwa Ebisu, utajiri kwa Daikoku, haiba kwa Benzaiten, hadhi kwa Bishamon, ukarimu wa moyo kwa Hotei, na kadhalika. Ni masimulizi mazuri ya kufundishia. Lakini orodha yenyewe haikutulia. Fukurokuju na Jurojin, wazee wawili wa Kichina, wote ni nyota ile ile ya kusini inayotawala umri wa mtu. Mmoja ana kichwa kirefu, mwingine ana paa mwenye pembe pembeni, na mara nyingi walionekana kuwa mtu mmoja mwenye majina mawili. Hapo nafasi moja ikabaki wazi, ikajazwa na Kichijoten, ambaye ni Lakshmi wa Wahindu, au na Shojo, kiumbe mwekundu mpenda pombe. Hakuna mtaguso uliokaa kuamua. Orodha ya miungu inayoweza kupungukiwa na mmoja, pengo likazibwa na mlevi, ni orodha ya mtaani.

Benzaiten, mwanamke pekee, anaonyesha jinsi soko linavyobadilisha mungu. Ni Sarasvati, mungu wa mto, maneno na muziki, aliyeingia Japani ndani ya kitabu cha Kibudha kiitwacho Sutra ya Mwanga wa Dhahabu. Huonyeshwa akipiga biwa, kinanda cha nyuzi ambacho wanahistoria wa muziki hukihesabu kuwa ndugu wa udi wetu wa taarabu: wote wawili hufuatwa nyuma hadi barbat ya Uajemi, mmoja ukaelekea mashariki hadi Japani, mwingine ukapitia kwa Waarabu hadi Zanzibar. Mwanzoni silabi ya katikati ya jina lake iliandikwa kwa herufi ya kipaji. Kadiri wafanyabiashara walivyomkaribia, ikaandikwa kwa herufi nyingine yenye sauti ile ile, herufi ya mali. Mungu wa washairi akawa mungu wa watunza daftari kwa kubadilisha mistari michache ya wino. Kamakura, kwenye pango la Zeniarai Benten, watu huweka sarafu na noti ndani ya vikapu na kuziosha kwenye chemchemi ili zizae. Mapokeo ya pale husema mtawala Minamoto no Yoritomo aliagizwa ndotoni mwaka 1185 kuabudu kwenye chemchemi hiyo, na mtawala wa baadaye, Hojo Tokiyori, akaosha sarafu zake mwaka 1257. Mahali hapo leo ni madhabahu ya Kishinto, kwa sababu mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru miungu na mabudha watenganishwe na kila mahali pachague upande. Lakini ubani wa Kibudha unafukizwa pale mpaka leo, na mayai yanatolewa kwa nyoka wa mungu huyo, kama zamani.

Wawili waliobaki nitawapita upesi. Bishamon ni askari mwenye deraya na mkuki, mlinzi wa kaskazini, anayehusishwa na Kubera, mweka hazina wa miungu ya India. Uesugi Kenshin, jemadari wa karne ya 16, aliandika herufi ya kwanza ya jina lake kwenye bendera ya vita. Hotei alikuwa mtu wa kweli, au karibu na kweli: mtawa wa Kichina mwenye kitambi, aliyezurura na gunia lake na kufariki mwanzoni mwa karne ya 10. Ndiye huyo anayeuzwa duniani kote kama Budha anayecheka. Si Budha, walau si yule Gautama.

Picha inayowakutanisha wote ni ya jahazi. Takarabune, chombo cha hazina, kinaingia bandarini na tanga limejaa upepo, saba wamebanana sitahani na marobota, matumbawe na mfuko usioisha. Usiku wa Januari 2 watu wa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, waliinunua picha hiyo mitaani na kuilaza chini ya mto wa kichwa. Kwenye picha paliandikwa shairi fupi linalosomeka sawa sawa kutoka mwanzo au kutoka mwisho, na mara nyingine kwenye tanga paliandikwa jina la baku, mnyama anayekula ndoto mbaya. Aliyeota Mlima Fuji, mwewe au biringanya alikuwa na mwaka mzuri. Biringanya kwa nini? Maelezo ni mengi. Mojawapo ni kwamba jina lake linafanana kwa sauti na neno la kutimiza jambo. Ndoto ikiwa mbaya, picha ilitupwa mtoni ichukuliwe na maji. Hiruko naye alichukuliwa na maji.

Watu wa Edo pia ndio walioanzisha desturi ya kuwazungukia saba hao kwa miguu siku za mwaka mpya. Mzunguko ninaoupenda ni wa kando ya mto Sumida, kwa sababu unaonyesha wazi mshono wake. Ulianza zama za Bunka, kati ya 1804 na 1818, kwa kikundi cha waandishi na washairi waliokuwa wakikutana kwenye bustani ya Hyakkaen. Mwenye bustani, Sahara Kikuu, alikuwa na sanamu ya Fukurokuju. Rafiki zake wakaanza kutafuta kama wengine sita wanapatikana jirani. Ebisu na Daikoku walikuwapo kwenye madhabahu ya Mimeguri, iliyolindwa na wafanyabiashara wa nyumba ya Mitsui. Hotei alikuwa kwenye hekalu la Kofukuji, Benzaiten Chomeiji, Bishamon Tamonji. Jurojin hakupatikana. Lakini palikuwa na madhabahu iitwayo Shirahige, na shirahige maana yake ndevu nyeupe. Mwenye ndevu nyeupe ni mzee, Jurojin ni mzee, basi ndiye. Mzunguko ukakamilika. Ukiufuata leo utapita madhabahu mbili, mahekalu matatu ya madhehebu matatu tofauti, na bustani inayomilikiwa na serikali ya jiji la Tokyo, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Si ajabu kwamba jumla ya waumini wanaoripotiwa na taasisi za dini Japani huzidi idadi ya watu wa nchi nzima.

Hapa msomaji mwenye imani thabiti anaweza kusema huu ni mchezo. Nakubali nusu. Vichekesho vya jukwaani vya kyogen, vilivyochipuka zama zile zile za Muromachi, vina kimoja kiitwacho Fuku no Kami, ambamo mungu wa heri anatokea akicheka na kuwapa mahujaji wawili siri ya utajiri: amkeni mapema, hurumieni watu, wapokeeni wageni vizuri, mume na mke wapatane, na mungu apewe pombe ya kutosha. Watu waliocheka hapo hawakuwa wajinga. Lakini mchezo una upande wake wa giza, na ndio unaonifanya nisikubali nusu ya pili.

Tazama miili ya miungu hawa. Mtoto asiye na mifupa, kiziwi, kichwa kirefu kupita kiasi, kitambi kilichovuka mkanda. Maduka ya karne ya 19 yalipenda sanamu ya Fukusuke, mwanamume mfupi mwenye kichwa kikubwa aliyepiga magoti kusalimu wateja. Na mjini Sendai aliishi, katika zama za Meiji, mtu mwenye ulemavu wa akili aliyejulikana kama Sendai Shiro, ambaye hakuweza kusema sawasawa na alizurura akiingia dukani hapa na pale. Watu waligundua, au walidai, kwamba duka aliloliingia kwa hiari lilipata wateja, na alilolikwepa lilifilisika. Wakamkaribisha na kumlisha. Alipokwisha kufa picha yake iliuzwa kama hirizi, na mpaka sasa inatundikwa kwenye mikahawa ya mji huo. Mtu anaweza kuona hapo jamii iliyompa heshima mtu ambaye kwingine angepigwa mawe. Anaweza pia kuona kwamba heshima hiyo ilidumu kwa kuwa mauzo yalidumu. Mimi naona yote mawili, na sidhani moja linafuta jingine.

Mgeni aliyekuja anaweza kuondoka, na imani za vijijini hazikulisahau hilo. Mkoa wa Iwate husimulia habari za zashiki-warashi, mzuka wa kitoto unaokaa vyumbani mwa nyumba kubwa. Ukiwapo nyumba inaneemeka, ukihama inaanguka. Yanagita Kunio aliyakusanya masimulizi hayo katika Tono Monogatari, kitabu cha mwaka 1910, na mojawapo linahusu nyumba ya tajiri ambayo watoto wawili wa namna hiyo walionekana wakiihama. Muda si mrefu watu zaidi ya ishirini wa nyumba hiyo walikula uyoga wenye sumu wakafa siku moja, akabaki msichana mdogo peke yake.

Mijini heri imekuwa jina la biashara. Mwaka 1890 ilitoka bia iitwayo Ebisu. Mwaka 1901 pakajengwa kituo cha reli cha kuisafirishia, kikapewa jina la bia. Mtaa ukakua kuzunguka kituo, nao ukaitwa Ebisu. Mtoto aliyetupwa majini amekuwa mtaa wa Tokyo kwa njia ya chupa. Wanaosema kwamba hapa dini imekufa imebaki nembo wanasahau kwamba Ebisu alikuwa mungu wa soko tangu zamani.

Na mlango haujafungwa. Mwaka 1908 mwalimu wa sanaa wa Kansas City, Florence Pretz, alibuni sanamu ya kitoto chenye kichwa kilichochongoka na miguu iliyonyooshwa mbele, ikaitwa Billiken, ikapendwa Marekani kwa muda mfupi kisha ikasahauliwa. Mwaka 1912 ilifika Osaka, ikawekwa kwenye uwanja wa burudani uitwao Luna Park. Uwanja ulifungwa mwaka 1923 na sanamu ikapotea. Karibu mwaka 1980 watu wa Osaka walichonga nyingine wakaiweka ndani ya mnara wa Tsutenkaku, na anayetaka heri huisugua nyayo. Mwaka 2012 ilibidi waweke ya tatu. Nyayo za ile ya pili zilikuwa zimelika, pamebaki mashimo.